Dario mchuuzi, ndo jibu langu

Wiki hii mmeuliza ni mtawala gani wa kale aliyeikuza himaya yake na aliikuzaje. Najua wengi watakimbilia Koreshi au Alexander, watu wa mapanga hao. Mi naandika nikiwa dukani, wateja leo wa kuhesabu, na namchagua Dario wa Kwanza wa Uajemi. Herodotus, yule Mgiriki, anasema Waajemi wenyewe walikuwa na msemo kwamba Koreshi, mwanzilishi wa himaya yao, alikuwa baba, mwanawe Kambise aliyemrithi bwana mkubwa, halafu Dario ni mchuuzi, yaani walikuwa wanamsema kwa kupenda hela na mahesabu. Sasa kwangu hapo ndo kwenye utamu wote.

(Sio yule wa Danieli na simba jamani, yule Biblia inamwita Mmedi, tumwache.)

Aliingia mwaka 522 KK na mlango aliopitia sio msafi sana. Kambise kafia njiani akitoka Misri, kiti kinakaliwa na jamaa anayejiita mdogo wake, Dario na wenzake sita wakamuua wakasema ni tapeli. Kuna wanahistoria wanahisi alikuwa mdogo mtu kweli! Basi mikoa ikalipuka, Babeli, Umedi, hadi Uajemi kwenyewe, yeye anadai alipiga vita 19 akakamata wafalme 9 kwa mwaka mmoja, akachonga habari hiyo kwa lugha tatu kwenye jabali la Behistun (Iran ya leo), juu kabisa ambako mpita njia hawezi kusoma hata neno moja.

Baada ya hapo ndo mchuuzi akafungua daftari. Kwa hesabu ya Herodotus himaya aliigawa mikoa 20, kila mkoa na liwali wake na kodi yake inayojulikana, Babeli talanta 1,000 za fedha (talanta ni kipimo cha uzito cha kale), Misri 700, na Wahindi wa upande wa Indus, ambao yeye ndo aliwaingiza, walileta vumbi la dhahabu talanta 360. Ukijua unachodaiwa unapanga, sio kila siku anakuja mtu na bei yake (wenye maduka mnanielewa). Akatoa sarafu ya dhahabu ya gramu nane na kitu yenye picha ya mfalme ameshika upinde. Njia ya Sardi (Uturuki ya leo) mpaka Susa (Iran ya leo), karibu kilomita 2,500, ilikuwa na vituo 111, mtu wa miguu siku 90, ila matarishi wa mfalme walikuwa wanapokezana farasi kwa farasi barua inafika fasta. Na kule Misri akachimba mfereji wa kutoka Nile hadi Bahari ya Shamu, miaka zaidi ya 2,000 kabla ya huu wa Suez.

Ila kinachoniua mimi ni mafaili. Someni Ezra sura ya 6, Wayahudi wanasema Koreshi alituruhusu kujenga hekalu, Dario anaagiza itafutwe hati, inapatikana Ahmetha, mji wa Umedi, kazi inaendelea! Ofisi ngapi leo zinapata barua ya miaka ishirini nyuma? Na Persepolis, mji wake wa kifalme, wamefukua maelfu ya vibao vya udongo vya zama zake, nafaka, bia na mvinyo, nani kapewa kiasi gani, mpaka mama aliyejifungua anaandikiwa posho ya ziada. Mtoto wa kiume alilipiwa mara mbili ya wa kike, hapo mchuuzi kanikera.

Alishindwa pia, kwa Waskithi, wapanda farasi wa kaskazini mwa Bahari Nyeusi, hakupata kitu, na Marathon kule Ugiriki mwaka 490 KK jeshi lake lilipigwa, miaka minne baadaye akafa. Lakini huyo Alexander mnayemtaja, alipokuja kuiteka Uajemi zaidi ya miaka 150 baadaye, aliyofanya zaidi ni kubadilisha maliwali tu, tena wengine aliwaacha hukohuko, mikoa ikaendelea kama alivyoikuta.