Shangazi Anajibu: Kikaango kimoja, dini mbili

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina miaka 21, nasoma chuo hapa Morogoro. Nimepanga chumba na mwenzangu Mkristo, tunachangia kodi, gesi na vyombo. Ramadhani yote yeye ndiye aliyekuwa akiniamsha kula daku, maana mimi hata alamu ilie vipi siisikii. Sasa juzi natoka kuswali Ijumaa, namkuta anakaanga kitimoto kwenye kikaango chetu. Hasira zikanipanda, nikakitupa jalalani pamoja na nyama yake. Mpaka leo hatusemeshani. Wenzangu wa msikitini wanasema nihame, eti kukaa na asiye Muislamu kunapunguza imani. Nifanyeje?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza kamlipe kikaango chake, nusu yake kwa uchache, na nyama yote. Nyama ile ni haramu kwako, kwake siyo, na pesa iliyoinunua haikuwa yako.

Barua yako ilikuwa kurasa tatu (nimeifupisha), na sijaona popote ulipomwambia, "Humu tusipikie nguruwe." Ulitaka ajue tu.

Kuhusu vyombo, hukuwa wa kwanza kuuliza. Sahaba Abu Thaalaba alimuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya kula katika vyombo vya Watu wa Kitabu, yaani Wayahudi na Wakristo. Akajibiwa: mkipata vingine msile humo, msipopata vioshwe, kisha mle. Imo katika hadithi za Bukhari. Basi kuna kuosha, kuna kutafuta kingine. Jalala sikuliona.

Hao wanaokwambia uhame, waambie wasome Kurani, Sura ya 60, aya ya 8: Mungu hawakatazi kuwatendea wema wasiowapiga vita kwa ajili ya dini. Mimi nimekulia Ngamiani, Tanga. Kila Krismasi jirani yetu Mchaga alimleta mbuzi kwetu akiwa hai, baba amchinje, ili na sisi tupate kula. Baba alikuwa mtu wa safu ya mbele, alfajiri haimpiti. Kisu alikinoa mwenyewe usiku wa kuamkia sikukuu, tena kwa kujidai kidogo. Imani yake haikupungua. Aliyepungua ni mbuzi.

Nunua vikaango viwili, chako ukifunge kitambaa kwenye mpini. Kisha mwombe radhi kabla hujaanza kumweleza habari za nguruwe, siyo baada. Akikataa, niandikie tena. Ila mtu asiyefunga, aliyekatiza usingizi wake saa kumi usiku mwezi mzima ili wewe ule, sidhani kama barua hiyo nitaipata.