Desemba Wageni Wakishuka Pwani, Sisi Tunapanda Nyika

Desemba ikiingia, Mombasa hujaa mpaka pomoni. Vyumba vya Nyali na Diani hupanda bei, foleni ya feri Likoni haiishi, na nyumbani kwetu Majengo shemeji zangu kutoka bara hulala hadi sebuleni. Kwa miaka minne sasa, mimi, baba watoto na wanetu watatu tunawaachia funguo tunaondoka. Tuna gari kuukuu aina ya Noah. Viti vya nyuma tunavilaza, tunatandika godoro, tunatundika chandarua madirishani, basi tumepata nyumba. Tunaelekea nyika ya Taru na kupita hadi Voi, nchi ya miiba na udongo mwekundu ambayo wageni wa zamani waliita jangwa.

Mwaka wa kwanza tulikwenda bila kuulizia. Tulifika Voi wakati wa Magharibi, tarehe 26, watoto wamechoka. Gesti ya kwanza imejaa, ya pili imejaa. Ya tatu ikatukubalia kuegesha uani, na asubuhi tukadaiwa bei ya chumba kizima, ilhali tulitumia choo na mfereji tu. Tukalipa kwa sababu hatukuwa tumepatana chochote. Iliniuma sana, maana zile ndizo zilikuwa pesa za kuingilia mbuga ya wanyama ya Tsavo Mashariki.

Tangu hapo nawapigia simu wenye gesti mwanzo wa Novemba. Nauliza: mnahesabu kichwa au gari? Watoto je? Choo, maji na mlinzi vimo ndani ya bei hiyo? Kisha namwomba mwenyewe anitumie jibu kwa ujumbe. Mwenye uwanja mwaminifu hakatai. Na kama unaweza, rudi nyumbani kabla ya tarehe 23. Siku nne za katikati ya Desemba huenda zikakugharimu kidogo kuliko mbili za Krismasi.

Pesa nyingi huliwa ndani ya mbuga, si nje. Tsavo Mashariki unalipia kiingilio cha kila mtu, unalipia gari kwa idadi ya viti, halafu kupiga kambi ni malipo mbali, kila kichwa kila usiku. Kwa hiyo sisi tunalala Voi usiku wa kwanza na wa pili, wa tatu ndio tunaingia Ndololo, kambi ya umma iliyo karibu na lango la Voi. Usivutiwe na zile kambi maalumu: unalipa ada ya kuhifadhiwa nafasi, na choo wala maji hakuna. Malipo yafanye kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, ukiwa bado nyumbani, kwa sababu langoni hawapokei pesa taslimu. Na kitambulisho, tafadhali, kisisahaulike, maana ndicho kinachokupa bei ya mwananchi. Lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Uwe pale saa hiyo hiyo, siku yako iwe ndefu.

Ndololo haina ua. Usiku mmoja, kama saa nane hivi, tulisikia matawi yakivunjwa hatua chache tu kutoka dirishani. Tembo. Binti yangu alinishika mkono asiseme neno hadi tembo alipopita. Ndani ya gari tulikuwa na embe, na harufu yake tembo anaijua kutoka mbali. Siku hizi matunda yote tunayamaliza kabla ya lango, na mkate unafungiwa vizuri kwa ajili ya nyani, ambao hawangoji usiku.

Barabarani, toka Mombasa saa kumi alfajiri ili uwahi kupita mizani ya Mariakani kabla malori hayajapanga foleni. Sisi tunasimama msikitini Mackinnon Road, penye kaburi la Sayyid Baghali, tunasali, tunakunywa chai na mahamri tuliyobeba. Madereva wengi wa malori husimama pale pia, na ukiwauliza hali ya njia ya mbele watakueleza.

Beba maji, madumu matatu ya lita 20 kwa watu watano, na mtungi mdogo wa gesi. Kivuli ni kitu kikubwa nyikani, lakini usiegeshe kwenye mkondo mkavu wa mto hata kama mti wake ni mzuri vipi. Vuli huenda ikawa haijaisha Desemba, na maji ya mvua iliyonyesha milima ya Taita yanaweza kukufikia usiku ilhali juu yako nyota zinawaka.