Je, kingamwili dhidi ya kirusi kibebaji huifanya chanjo ipotee bure?

Mwenzetu ameuliza iwapo mtu aliyekwisha kuambukizwa adenovirusi, ambayo aghalabu huleta mafua tu, atafaidika na chanjo inayobebwa na kirusi cha jamii hiyohiyo, yaani kirusi kibebaji kinachoingiza jeni ya chanjo ndani ya seli. Nimepima kingamwili (protini za kinga ya mwili) dhidi ya virusi hivyo maabarani kwa miaka kadhaa, na jibu langu ni kwamba atafaidika, ila huenda kwa kiasi pungufu, kutegemea aina ya kirusi na wingi wa kingamwili alizonazo.

Ili kuzipima, seramu (majimaji ya damu yenye kingamwili) tunaipasha moto wa nyuzi 56 kwa dakika 30, kisha tunaizimua hatua kwa hatua katika sahani yenye vishimo 96 na kuichanganya na adenovirusi aina ya 5 iliyopachikwa jeni inayozifanya seli zing'ae kijani. Baada ya saa moja tunaongeza seli na kusubiri hadi kesho yake. Nakumbuka sahani moja ambayo safu ya seramu moja ilibaki giza hata pale ilipozimuliwa zaidi ya mara elfu, ilhali safu ya jirani iling'aa tangu kishimo cha kwanza. Wenye seramu hizo wote wawili walikuwa wazima wa afya, lakini kwa yule wa kwanza kirusi kilinaswa kabla ya kuingia ndani ya seli, na jeni ikishindwa kuingia hakuna kinachotengenezwa cha kuuamsha mwili.

Aina ya 5 imewapitia watu wengi mno, hasa Afrika, na ndiyo sababu watengenezaji wengine walichagua aina ya 26 iliyo adimu zaidi, au, kama walivyofanya watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, kirusi cha sokwe. Jambo linalosahaulika ni kwamba dozi ya kwanza nayo huzalisha kingamwili dhidi ya kibebaji. Kwa hiyo Sputnik V, chanjo ya Urusi ya UVIKO-19, iliundwa itangulize aina ya 26, kisha aina ya 5, ili dozi ya pili isizuiwe.

Jaribio la chanjo ya VVU lililoitwa STEP, lililotumia kibebaji cha aina ya 5 na kusimamishwa mwaka 2007, nisingelihesabu hapa kama mfano wa chanjo kupungua nguvu tu, kwa kuwa maambukizi yalionekana kuwa mengi zaidi kwa wanaume waliochanjwa ambao hawakutahiriwa na walikuwa na kingamwili za aina ya 5. Hilo ni suala zito zaidi, na linastahili uzi wake.

Muulizaji asihangaike kutafuta kipimo hiki kabla ya kuchanjwa, maana ni cha watafiti.