Barua za wasomaji: Deni la nyumba, tipsi za hoteli na pesa za karafuu

Swali

Assalaam alaykum dada. Mie ni mwalimu wa skuli ya serikali hapa Unguja, mume wangu yuko hoteli ya huko Paje, tuna watoto wawili, mmoja miaka 4 na mwengine ana miezi 8. Miaka miwili nyuma tulikopa benki milioni 40 tukanunua nyumba Fuoni, mkopo wa miaka 15, riba asilimia 15, kila mwezi inakatwa 560,000. Mume wangu mshahara wake kama laki 6, mie nikishakatwa kila kitu napata laki 7. Basi wake karibu wote unakwenda benki, wangu ndio chakula, gesi, tukuza (umeme wa kulipia kabla), maziwa ya mtoto, ada ya chuoni (madrasa), msichana wa kazi na nauli zetu sote. Hilo nishalizoea. Lakini tangu sizini (msimu wa wageni) ya Disemba ianze yeye anataka kila tipsi anayopata na kila kinachobaki kwangu tukipeleke benki deni liishe haraka, anasema hataki kulea watoto huku ana riba shingoni. Mie sikatai, ila mwezi uliopita tulipeleka laki benki na wiki ile ile mtoto kaumwa, tukenda kukopa kwa jirani pesa za dawa. Na hoteli yao ikifika Aprili inafunga, analipwa nusu mshahara. Nikisema ananiona sina imani. Hati na mkopo viko kwa jina lake. Tufanyeje?
*Mama wa watoto wawili, Fuoni*

Jibu

Waalaykum salaam mdogo wangu, na pole kwa kuuguza.

Nianze na mumeo manake katika hesabu ana haki yake, na ukimwendea kwa kumwambia amekosea mtagombana bure. Mkopo wenu ni ule wa riba inayohesabiwa kwenye deni lililobaki, sasa mwezi wa kwanza kabisa deni ni milioni 40, riba ya mwezi mmoja ni laki 5, kwa hiyo katika ile 560,000 mlotoa ni 60,000 tu ilopunguza deni. Mkienda leo mkaomba stetmenti mtaona mmeshatoa zaidi ya milioni 13 kwa miaka 2 na deni limeshuka kama milioni 1 na laki 6 hivi, bado mnadaiwa milioni 38 na kitu. Mtu akiiona karatasi hiyo usiku halali, nahisi mumeo keshaiona. Na ni kweli ukiongeza kidogo unaokoa sana: mkopo kama wenu mtu akiongeza laki 1 kila mwezi tangu mwanzo anamaliza kwa miaka 9 na nusu badala ya 15, na anaokoa kama milioni 25. Nyinyi mmeshaingia ndani miaka miwili kwa hiyo kwenu itapungua, lakini bado ni pesa nyingi.

Sasa hapo ndipo panapotaka utulivu. Hesabu ile inafanya kazi kama laki ile ni ya ziada kweli, na laki mloipeleka mwezi uliopita haikuwa ya ziada, ilikuwa pesa ya dawa. Tena benki ukishawapa hawarudishi, huwezi kwenda dirishani ukasema mwanangu ana homa nipeni ile laki yangu. Mmepunguza deni la benki mkafungua deni kwa jirani, na jirani mnaonana naye kila asubuhi.

Hebu kaeni mtazame mwaka huu wa 2026 ulivyokaa. Ramadhani inaingia katikati ya Februari, futari hiyo, na bei za sokoni za mwezi ule unazijua. Sikukuu Ndogo inakuja kama tarehe 20 Machi, watoto wanataka nguo na viatu na pesa ya mkononi. Hamjavuta pumzi Aprili imeingia, mvua za masika, wageni hakuna, hoteli zinafunga, mshahara wa mumeo nusu mpaka mwisho wa Mei, na mwisho huo huo wa Mei ndio Sikukuu Kubwa. Yaani miezi minne matumizi yapo juu na mapato yapo chini, na benki tarehe yao ile ile na 560,000 yao ile ile. Miezi miwili ya nusu mshahara peke yake ni pengo la laki 6. Litazibwa na nini kama tipsi zote za Disemba na Januari zishapelekwa benki? Litazibwa na mshahara wako, ambao tayari ndio unaolisha nyumba nzima, au mtachelewesha marejesho na benki nyingi zinatoza faini ukichelewa, sasa faida ya kuongeza iko wapi.

Kwa hiyo ningekuwa nyie, tipsi zote za sizini hii zisiende benki kabisa. Fungueni akaunti nyengine iwe mbali na ile ya mshahara, isiwe na kadi, na kama mumeo anaikhofu riba afungue kwenye dirisha la Kiislamu (sehemu ya benki isiyo na riba), PBZ, benki ya watu wa Zanzibar, wanayo Ikhlas, na Amana Bank nao wapo, wao benki nzima ni ya Kiislamu. Wekeni humo mpaka ifike marejesho ya miezi mitatu, yaani 1,680,000. Hiyo ndiyo itakayowavusha Aprili na Mei, na mtoto akiumwa inatoka hapo bila ya kwenda kwa mtu. Kama haikufika yote kabla ya masika si neno, ilofika ndiyo hiyo, mtaijaza tena Julai wageni wakirudi.

Ikishajaa ndio muongeze benki, na anzeni na 50,000 msianze na laki. Mtu anaona elfu hamsini ni kitu gani, lakini kwa mkopo kama wenu 50,000 kila mwezi tangu mwanzo inakata miaka 3 na nusu na inaokoa kama milioni 16. Nusu ya pesa inakupa zaidi ya nusu ya faida, muoneshe mumeo hilo, atalipenda. Na sizini ikiwa nzuri mnapeleka na donge juu yake.

Ila kabla hamjapeleka hata shilingi nendeni benki mkaulize mambo matatu na majibu yawe kwa maandishi. Pesa ya ziada inapunguza deni la msingi siku ile ile, au wanaiweka tu kungoja marejesho ya mwezi ujao? Manake ikikaa kungoja riba haipungui hata senti. Pili, mkishapunguza deni wanafupisha miaka au wanapunguza marejesho, nyie mnataka wafupishe miaka. Tatu, kuna tozo ya kulipa mapema? Lipo kwenye baadhi ya mikataba, mara nyingi kwenye ukurasa ambao hakuna aliyeusoma siku ya kutia saini. Ile laki mloipeleka nayo muulizie imeingia wapi.

Halafu mdogo wangu kuna jambo umeliandika mwisho kama vile si kitu, na mie ndilo lilonikalisha kitako. Hati kwa jina lake, mkopo kwa jina lake, mshahara wake benki, mshahara wako sokoni. Miaka 15 ikiisha karatasi zote zitaonesha nyumba kainunua yeye, na wewe risiti zako ni za mchele wa mapembe na mtungi wa gesi. Simtuhumu mumeo, baba anayekosa usingizi kwa ajili ya deni la nyumba ya watoto wake ni mtu mzuri. Lakini sote tumeziona nyumba hapa Unguja, mume akifariki wanakuja ndugu, au likitokea la kutokea mkaachana, mwanamke anaulizwa "wewe ulitoa nini" na hana cha kuonesha. Katika dini yetu nafaqa, yaani matumizi ya nyumba, ni juu ya mume, na mali ya mke ni ya mke. Ukimsaidia umefanya ihsani na una ujira wako, lakini ihsani haikatazi maandishi. Ama jina lako liingie kwenye hati, ama mubadilishane hivi: sehemu ya marejesho itoke kwenye akaunti yako moja kwa moja, na yeye atoe sehemu ya chakula. Matumizi ni yale yale, hapotezi kitu. Ikishindikana hilo, andikeni makubaliano mbele ya mashahidi, mwanasheria awasaidie, kwamba mchango wako ni wa nyumba na ni kiasi gani. Mwambie wakati mmetulia, si siku mnayogombania tipsi.

Na muulize kama mkopo una bima ya kifo au takaful (bima ya Kiislamu). Deni linatangulia kabla ya mirathi, Qur'ani imesema hivo katika Suratun Nisaa, urithi ni baada ya wasia na deni. Mwenye mkopo akiondoka na hakuna bima, mjane na mayatima wanaikuta benki mlangoni kabla hawajafika kwa kadhi.

Hilo la riba linalomuumiza moyo mumeo nalo nalielewa na nalistahi. Kuna watu wanahamisha deni kwenda benki ya Kiislamu, inawezekana, lakini muulize gharama zote kwanza, kuthamini nyumba upya, mwanasheria, kufuta rehani ya zamani na kusajili mpya, msije mkatoka na gharama kubwa bila kujitayarisha. Akiona bora alipe zaidi kidogo kwa ajili ya dini yake ni haki yake, mradi muamue pamoja.

Swali

Dada habari za huko Unguja, mimi ni kijana wa Wete, nimeoa mwaka jana na mke wangu anakaribia kujifungua. Nina nyumba nimeipata kwa benki kwa njia ya murabaha, bei ilikuwa milioni 30 wakaniuzia milioni 48 kwa miaka 10, nalipa laki 4 kila mwezi. Karafuu za shamba la mzee wetu zimetoka vizuri na fungu langu ni kama milioni 5. Nataka niitie yote kwenye nyumba nipunguze faida ya benki. Nimefikiri sawa?
*Mchumaji wa Wete*

Jibu

Kaka hongera ya ndoa na Mungu amjaalie mkeo ajifungue salama.

Subiri kwanza. Wewe na yule mama wa Fuoni madeni yenu hayafanani. Yeye riba yake inahesabiwa kila mwezi kwa kilichobaki, wewe umenunua kitu kwa bei iliyokwishakatwa, milioni 48, na bei hiyo haipandi wala haishuki. Ukipeleka milioni 5 umelipa miezi 12 na nusu mapema, basi, faida ya benki haijapungua hata kidogo mpaka wao wenyewe waamue kukusamehe. Wanazuoni wengi hawataki punguzo la kulipa mapema liwe sharti ndani ya mkataba, lakini benki ikisamehe kwa hiari yake hakuna tatizo, na zipo zinazosamehe. Basi andika barua, waulize ukitoa milioni 5 leo watakuachia kiasi gani, wakujibu kwa barua. Wakisema hawaachii kitu huna haraka yoyote.

Na karafuu kaka unazijua kuliko mie. Mwaka huu mikarafuu imezaa, mwakani unaweza kupita chini yake usiokote kitu, ndivyo ulivyo mti huo, mwaka mkubwa na mwaka mdogo. Mtoto anakuja. Mie ningetenga milioni 2 ya uzazi na mwaka mdogo, milioni 2 na laki 4 ningeiweka iwe marejesho ya miezi 6 mbele ili hata shamba likigoma nyumba isiguswe, na hiyo laki 6 ilobaki ukarabati ule mdogo mdogo wa nyumba kabla ya mvua, au mpe mzee kitu, shamba ni lake. Kama benki watakupa punguzo la maana basi hiyo ya marejesho ya mbele ndiyo uipeleke, ya uzazi usiiguse.

Swali

Bi mshauri, sisi wanawake wa mtaani tuna kibati, watu 20, kila mwezi 50,000, unapata milioni 1 zamu yako ikifika. Nataka niombe zamu ya kwanza nikapunguze deni la nyumba. Ni sawa?
*Mama wa Jang'ombe*

Jibu

Kibati ni kizuri, hakina riba na kina nidhamu ambayo wengi wetu peke yetu hatuna. Lakini ukichukua wa kwanza jua umekopa kwa wenzio 19, utalipa 50,000 kwa miezi 19 mengine pamoja na marejesho ya benki, na ukikwama mwezi mmoja utakayemuumiza ni mwanamke mwenzio aliyepanga zamu yake kwa ada ya skuli. Kama kipato chenu ni cha mwezi kwa mwezi kisichoyumba, na mkopo wenu ni wa riba inayoshuka deni likishuka, chukua mapema upeleke. Kama mumeo ni wa hoteli au wa bahari, omba zamu ya Aprili na wala usiipeleke benki, ile milioni ivusheni nayo masika. Na mwenye kushika kibati awe na daftari, kila mmoja atie saini akitoa na akipokea, hata kama ni dada yako wa tumbo moja.