Kwangu inavuta data, kwa mteja inaandika "Hakuna bidhaa"

SWALI: Natengeneza programu ya kuhesabu mali ya duka kwa Flutter, zana ya kutengenezea programu za simu. Kwenye emuleta (simu ya kuigiza ndani ya kompyuta), na hata kwenye simu yangu nikiichomeka kwa kebo, orodha ya bidhaa inakuja vizuri kutoka kwenye seva. Nikatoa APK, yaani faili la kusakinisha programu, nikamtumia mama mwenye duka kwa WhatsApp. Kwake inafunguka ila inaandika "Hakuna bidhaa". Bando analo, seva iko hewani kwa https. Nimeandika upya sehemu ya kuvuta data mara tatu, hali ni ileile. – Msomaji, Morogoro

JIBU: Dada, usiiandike mara ya nne. Seva ingekuwa kwenye kompyuta yako ningeshuku anwani, maana localhost, yaani "kifaa hikihiki", ndani ya simu ni simu yenyewe, na emuleta ya Android huifikia kompyuta kwa 10.0.2.2. Lakini yako iko hewani, na simu yako mwenyewe inaipata. Kilichobadilika ni namna ulivyoijenga programu: kwa kebo unaendesha toleo la debug (la majaribio wakati wa kutengeneza), mama amepokea toleo la release (la kuwapa watumiaji).

Basi lete tatizo kwako. Chomeka simu, andika `flutter run --release`. Nina hakika utaona "Hakuna bidhaa" mezani kwako.

Sasa fungua `android/app/src/debug/AndroidManifest.xml`, faili linaloorodhesha ruhusa za programu. Humo utakuta ruhusa ya INTERNET, ambayo Flutter huiweka yenyewe kwa sababu wakati wa kutengeneza, zana zake zinahitaji kuongea na programu ili mabadiliko yako yaonekane papo hapo. Faili la `android/app/src/main/` halina mstari huo, na release haisomi lile la debug. Ongeza kwenye la main, juu ya `<application`:

`<uses-permission android:name="android.permission.INTERNET"/>`

Jenga upya, itavuta. Mama hataulizwa akubali chochote. Ruhusa hii Android huitoa kimyakimya wakati wa kusakinisha, ndiyo maana hata ikikosekana hakuna anayeshtuka.

Kilichokupotezea muda, hata hivyo, ni ule mstari mmoja wa msimbo ulionitumia pamoja na swali: ndani ya `catch`, sehemu inayonasa makosa, unarudisha orodha tupu. Yaani intaneti ikikatika, seva ikianguka, ruhusa ikikosekana, vyote vinageuka "Hakuna bidhaa". Huo ni uongo, na mwenye duka akiuona asubuhi anaweza kudhani ameibiwa! Orodha tupu iwe na maneno yake, hitilafu iwe na yake, pamoja na kitufe cha kujaribu tena. Na kosa lenyewe lichapishe, `print(e)` inatosha kwa sasa, kisha ulisome kwa `flutter logs`. Ungekuwa umefanya hivyo, ungekutana na "Failed host lookup", yaani anwani ya seva haikupatikana. Ujumbe wenyewe unapotosha kidogo, unaonekana kama mtandao mbovu, lakini ungekutoa kwenye msimbo wa kuvuta data siku ya kwanza.

Jambo moja hukuuliza, ila litakukuta. Mradi mpya wa Flutter husaini hata toleo la release kwa ufunguo wa debug (ufunguo ni faili la siri linaloweka saini ya mtengenezaji kwenye programu), na Play Store haiupokei. Siku utakapotengeneza ufunguo wako, simu ya mama itakataa kuweka toleo jipya juu ya la zamani kwa kuwa saini hazifanani. Itabidi aifute kwanza, na akiifuta, chochote kilichohifadhiwa ndani ya simu bila kufika kwenye seva kinaondoka nayo. Kwa hiyo tengeneza ufunguo sasa, kabla hajaanza kuingiza mauzo, na nakala yake iweke nje ya kompyuta hiyo.