Kabla hujagusa turbini, fuata bomba la mvuke

Mafundi wenzangu kwenye mitambo ya kuzalisha joto na umeme kwa pamoja huniuliza swali lilelile kila tukikutana: tubadilishe nini kwenye turbini, ile mashine inayozungushwa na mvuke ili kutoa umeme, ili ufanisi upande? Baada ya miaka mingi ya kazi hii jibu langu ni moja. Turbini iacheni kwanza. Nendeni mwisho wa bomba, kule mvuke unakotumika, kisha mrudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye boila inayochemsha maji kuwa mvuke.

Nina sababu. Kituo cha kawaida cha umeme wa mvuke hugeuza kama asilimia 35 hadi 40 ya nishati ya mafuta kuwa umeme, na sehemu kubwa ya inayobaki hupotelea kwenye maji ya kupozea. Mtambo wa joto na umeme unaweza kutumia asilimia 80 na zaidi, lakini kwa sharti kwamba joto limepata mtumiaji. Kwa hiyo ufanisi wenu unaamuliwa na mtu anayefungua valvu kule kiwandani, ambaye huenda hajawahi kuiona turbini.

Mtambo ulionifundisha zaidi ulikuwa na boila ya mvuke wa baa 40 (baa ni kipimo cha presha; hewa ya kawaida ni kama baa 1) na nyuzi joto 400. Mvuke ulipita kwenye turbini, ukatoka ukiwa na baa 4 (presha kamili, yaani pamoja na ile ya hewa, ambayo geji haiihesabu), ukaenda kupasha moto matangi ya kiwanda. Kando ya turbini kulikuwa na valvu ya kupunguza presha, inayoushusha mvuke kutoka 40 hadi 4 bila kuzungusha chochote. Iliwekwa kwa ajili ya dharura. Asubuhi moja nikapita hapo nikasikia bomba lake linapiga mluzi. Nikamuuliza mwendeshaji wa zamu. "Huwa tunaifungua kidogo tu, mkuu, mzigo ukipanda," akaniambia, na alisema kweli kama alivyofundishwa.

Hicho kidogo tulipokipima kilikuwa tani 3 kwa saa. Sasa fanyeni hesabu: kwa presha hizo, kila tani moja ya mvuke kwa saa ikipita kwenye turbini ya wastani hutoa karibu kilowati 100. Tulikuwa tunaziacha kilowati 300 zipotee kwenye valvu, na saa hiyohiyo tunanunua umeme wa nje. Joto la kiwandani lingepatikana vilevile, maana turbini huchukua sehemu ndogo tu ya nishati ya mvuke na kuiachia iliyobaki iendelee na safari.

Chanzo hakikuwa turbini. Matangi yote manne yalifunguliwa mvuke saa 12 asubuhi kwa pamoja, kwa mazoea. Tulikaa na wasimamizi wa zamu tukakubaliana yapishane kwa nusu saa. Kilele cha matumizi ya mvuke kikashuka, turbini ikaweza kuubeba mzigo peke yake, na valvu ikafungwa. Hatukununua kifaa hata kimoja.

Swali la pili ndilo ninalolipenda zaidi: kwa nini baa 4? Matangi yalihitaji nyuzi 95 tu. Mvuke wa baa 4 hugeuka maji kwenye nyuzi 144 hivi, na wa baa 3 kwenye nyuzi 133, ambazo bado zinatosha kabisa. Tulipochimba tukakuta presha ile ilipangwa kwa ajili ya mashine ya kukaushia iliyokwisha kung'olewa zamani. Mashine imeondoka, namba yake imebaki. Tukasafisha koili za matangi (mabomba yaliyojikunja ambamo mvuke hupita), kisha tukashusha presha kidogo kidogo kwa majuma kadhaa, huku tukiandika kila tangi linachukua dakika ngapi kupata moto. Kutoka baa 4 hadi 3, umeme kwa kila tani ya mvuke hupanda kwa karibu asilimia 10.

Lakini msiige bila kuangalia. Presha ikishuka mvuke hutanuka, hivyo kasi ndani ya bomba huongezeka, na bomba jembamba litalalamika. Pia msukumo wa kutoa maji kwenye koili hupungua. Na mtengenezaji wa turbini huweka kikomo cha presha ya kutokea, kisomeni kwanza.

Kisha fuateni maji yanayorudi. Mvuke uliokwisha kazi hugeuka maji safi ya moto, na inaniuma kuona yakimwagwa mferejini. Maji hayo yakirudi kwenye boila yakiwa na nyuzi 90 badala ya kuingiza maji mapya ya nyuzi 25, mafuta hupungua kwa karibu asilimia 9, mbali na dawa za maji mnazookoa. Adui hapa ni trapu mbovu. Trapu kazi yake ni kupitisha maji na kuuzuia mvuke. Ikikwama wazi, mvuke hupita mzima mzima na hakuna kengele inayolia. Dalili niliyoizoea ni tangi la marejeo linalofuka moshi mweupe mnene bila kupumzika. Mkiona hivyo, anzeni kupima trapu moja moja kwa kifaa cha kusikiliza sauti, na mzipe namba ili ile mbovu ya leo isisahaulike kesho.

Kwenye boila sitakaa sana, maana mengi yanajulikana. Pimeni oksijeni kwenye moshi, kwa sababu hewa ya ziada hubeba joto hadi nje. Joto la moshi likishuka kwa nyuzi 20 hivi, boila hupata kama asilimia 1. Safisheni masizi na mpashe maji ya kuingia kwa moshi huo. Kama mafuta yenu yana salfa, msiupoze kupita kiasi, asidi itakula dohani.

Wenye mitambo ya injini badala ya mvuke, mwisho wenu wa bomba ni maji yanayorudi kutoka kwa mtumiaji. Yakirudi ya moto mno, hayawezi tena kuipoza injini, na feni za rejeta, kipozeo cha akiba cha injini, zinaanza kutupa joto angani. Tafuteni nani anayarudisha bila kuyatumia. Mara nyingi ni valvu ya mchepuko, ile inayoyarudisha maji bila kupita kwa mtumiaji, iliyoachwa wazi. Tangi kubwa la kuhifadhi maji ya moto nalo husaidia saa ambazo umeme unatakiwa lakini joto halina mteja. Na mnapoandika ripoti ya mwezi, mita ya joto iwe upande wa mtumiaji, baada ya rejeta, ili joto lililotupwa lisihesabiwe kama limetumika.