Barua ya kuomba jeshi: Fatma au Fatuma?

SWALI: Shikamoo Afande. Mimi ni binti wa Mbagala, nina shahada ya uhandisi wa umeme. Baada ya kidato cha sita nilikwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) Ruvu kwa mujibu wa sheria na cheti ninacho. Nataka kuwa afisa wa Jeshi la Wananchi (JWTZ), hivyo nimeanza kujiandaa kabla tangazo halijatoka. Nakutumia rasimu ya barua uipitie. Cheti changu cha kuzaliwa kinasema Fatma, vyeti vya shule vinasema Fatuma. Je, hilo litaniharibia? Pia kuna kaka mmoja hapa mtaani anasema nimpe laki tano ataniingizia jina. Na mchumba wangu anataka tufunge ndoa mwisho wa mwaka, sijui kama inaruhusiwa.

JIBU: Marahaba, binti. Umefanya vema kuanza mapema, maana tangazo likishatoka muda huwa mfupi na foleni za ofisini huwa ndefu.

Barua kwanza. Kichwa chake umeandika "YAH: MAOMBI YA NAFASI YA UAFISA". Futa. Hakuna anayeomba cheo. Unaomba kuandikishwa jeshini. Ukichukuliwa unapita mafunzo ya awali kama kuruti mwingine yeyote. Wanaoonekana wanafaa ndio wanaopelekwa Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi kule Monduli wakiwa maafisa wanafunzi. Wakihitimu, Rais, akiwa Amiri Jeshi Mkuu, anawatunuku kamisheni, wanatoka na nyota moja ya Luteni Usu, cheo cha kwanza cha afisa. Shahada inakuweka kwenye kundi la wanaoweza kufikiriwa, lakini haikupi nyota. Kwa hiyo omba kujiunga, taja taaluma yako, kisha maelezo yako yenyewe yaonyeshe kwamba unaweza kukabidhiwa watu.

Hapo ndipo rasimu yako ilipopwaya. Umeandika: "Mimi ni kijana mzalendo, mchapakazi, mwenye uwezo wa kufanya kazi bila kusimamiwa." Sentensi hii naifahamu, imezunguka steshenari zote za jiji hili. Tena hiyo "bila kusimamiwa" iache kabisa. Jeshini utasimamiwa tangu mchakamchaka wa alfajiri mpaka taa zinapozimwa. Na uzalendo kila mwombaji anaudai, kwa hiyo haumtofautishi mtu na mwenzake.

Bahati nzuri, chini kabisa, karibu na sahihi, umedokeza kwamba Ruvu ulikuwa kiongozi wa hanga, yaani bweni, na "ulisaidia suala la maji". Binti, hicho ndicho kiini cha barua yako, nawe umekificha mkiani! Kipandishe juu, ukieleze. Kama mambo yalikwenda hivi, andika hivi: "Nikiwa JKT Ruvu nilikuwa kiongozi wa hanga. Tulikuwa tukichelewa kwata kwa sababu wote tuligombea maji alfajiri. Nilipanga zamu za kuchota maji jioni, na waliokuwa wagonjwa nikawatoa kwenye zamu. Kuchelewa kukaisha." Msomaji ameona tatizo, uamuzi uliochukua na matokeo yake. Hajakusikia ukijisifu, ila amekuona ukiongoza. Kama haikuwa hivyo, andika ilivyokuwa, hata kama ni jambo dogo. Kwenye usaili ataulizwa mtu kile kile alichokiandika, na uongo wa kwenye karatasi huanguka kwa swali la pili.

Fanya hivyo hivyo kwa taaluma. Usiishie "nina shahada ya uhandisi wa umeme". Taja ulichokishika kwa mikono yako kwenye mafunzo kwa vitendo: ulifunga nini, ulitengeneza nini, nani alikusimamia. Kama umesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, weka nakala ya cheti.

Barua isizidi ukurasa mmoja. Matangazo ya miaka ya karibuni yametaka maombi yaandikwe kwa mkono, basi andika mwenyewe, kalamu ya bluu au nyeusi, bila kufutafuta. Wapo wanaomlipa mwenye mwandiko mzuri awaandikie. Mimi sikushauri, kwa sababu siku ukipewa karatasi uandike mbele ya watu mwandiko utakuwa mwingine.

Sasa Fatma na Fatuma. Mtaani ni jina moja, kwenye karatasi ni watu wawili. Anayepanga mafaili hakujui wala hana muda wa kukupigia simu. Toa vyeti vyako vyote uvipange mezani: cha kuzaliwa, kidato cha nne, cha sita, chuo, JKT, kitambulisho cha NIDA. Soma herufi kwa herufi, majina yote matatu, na tarehe ya kuzaliwa. Usitegemee cheti cha Baraza la Mitihani (NECTA) kubadilika, kwa hiyo nyaraka nyingine ndizo zikifuate. Kama RITA, wanaotoa vyeti vya kuzaliwa, waliandika tofauti na ulivyosajiliwa shuleni, nenda ofisi yao ya wilaya, hapo Temeke, uulize utaratibu wa marekebisho. Afidaviti ya wakili inaeleza tu kwamba majina yote mawili ni yako, haibadilishi cheti. Mimi ningeanza marekebisho wiki hii na afidaviti ningeiweka akiba, iwapo tangazo litatoka kabla hayajakamilika.

Nakala zigongwe muhuri wa wakili au hakimu. Vyeti halisi usivitume popote, utavionyesha utakapoitwa.

Huyo kaka wa laki tano ni tapeli. Jeshi limeonya mara nyingi kuhusu watu wa aina hiyo, na nafasi haziuzwi. Usimpe hata nauli, na namba yake ipeleke polisi.

Mazoezi hujauliza, lakini Temeke mna vikundi vya jogging kila kona. Jiunge na kimoja sasa, usingoje tangazo. Macho na meno nayo yapimwe mapema, kama kuna la kutibu litibiwe.

Kuhusu mchumba: matangazo ya kuandikisha hutaka mwombaji awe hajaoa au hajaolewa. Usifunge ndoa kimya kimya ukaandika hujaolewa, hiyo ni taarifa ya uongo na unaweza kuondolewa hata ukiwa umeshaingia. Kaeni mzungumze kabla hujaandika barua, na umwambie wazi kwamba mafunzo yana muda wake na ruhusa ya kuoa au kuolewa baada ya hapo ina taratibu zake za kijeshi. Akikubali kusubiri, hiyo tarehe ya mwisho wa mwaka muiahirishe.